Mchele uliolowa njiani: je, hasara ni ya muuzaji au ya mnunuzi?

Mchuuzi wa Tandika:
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Nilinunua magunia 120 ya mchele kwa mfanyabiashara wa Kyela. Tulikubaliana bei kwa simu, nikalipa nusu, na yeye akatafuta lori kwa makubaliano kwamba nauli nitailipa mimi mzigo ukifika Dar es Salaam. Lori lilibeba magunia 300 ya wanunuzi watatu, yote kutoka ghala lake, bila alama ya kuonyesha lipi ni la nani. Njiani turubai lilichanika, mvua ikanyesha, na mchele mwingi ukalowa. Sasa anadai nusu iliyobaki, akisema kwamba alikwisha kukabidhi mzigo tangu alipoupakia. Je, sheria inamuunga mkono?

Sheria Kwanza:
Hoja yake ina msingi, ila haijakamilika. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema kwamba muuzaji aliyeruhusiwa na mkataba kutuma bidhaa, akizikabidhi kwa mchukuzi, huhesabiwa kuwa amezikabidhi kwa mnunuzi, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Hata hivyo, kama hamkukubaliana tofauti, hatari ya hasara hufuata umiliki, wala si malipo. Na umiliki wa bidhaa ambazo hazijabainishwa hauwezi kuhama.

Katika shauri la Healy v Howlett, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1917, muuzaji alipakia kwenye treni masanduku 190 ya samaki, 20 kati yake yakiwa ya mnunuzi mmoja, na kuwaachia watumishi wa reli kazi ya kuyatenga. Treni ilichelewa, samaki wakaharibika kabla ya kutengwa, na mahakama ikaamua kwamba hasara ilibaki kwa muuzaji. Maamuzi ya namna hiyo hayazibani mahakama zetu, lakini huzishawishi, na magunia yako yanafanana mno na masanduku yale. Kama magunia yako 120 yangetiwa alama pale ghalani kwa ridhaa yako, ningekujibu kinyume chake.

Bohari:
Naongeza jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau, nalo linaniuma kwa sababu ndilo huwapotezea haki. Muuzaji anayetafuta lori kwa niaba ya mnunuzi ana wajibu wa kufunga na mchukuzi mkataba wa busara, kwa kuzingatia aina ya bidhaa na mazingira. Akikodi lori lenye turubai bovu wakati wa masika, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu upakiaji ule kuwa makabidhiano kwake, au akamdai fidia.

Mchuuzi wa Tandika:
Nashukuru sana, wakubwa. Ila mzigo nimekwisha kuupokea, na magunia 40 yaliyokuwa makavu nimeyauza. Je, bado naweza kuukataa uliobaki?

Sheria Kwanza:
Hapo umejifungia mlango mmoja. Mnunuzi ana haki ya kupewa nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa amezikubali. Lakini baada ya kuzipokea, akifanya tendo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, kama vile kuziuza, huwa amezikubali. Kwa kuwa mkataba wenu ni wa mzigo mmoja usiogawanyika, kukubali sehemu yake kunakuondolea haki ya kukataa salio. Haki ya fidia unabaki nayo, na unaweza kuitumia kupunguza bei anayokudai.

Mwandikie leo hii, umweleze idadi ya magunia yaliyolowa na hali yake, na utunze picha pamoja na hati ya makabidhiano yenye sahihi ya dereva. Kipimo cha kawaida cha fidia ni tofauti kati ya thamani ya mchele huo siku ulipoupokea na thamani ambayo ungekuwa nayo kama ungefika mkavu, kwa hiyo tafuta bei ya sokoni ya siku ile ile, si ya leo.