Saa inayodai kupima oksijeni mtu akiwa anatembea: mama yangu ameponzwa nayo, na muuzaji hataki kusikia

Ndugu zangu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa mpangilio, kwa sababu naamini wapo wengi humu ambao wamenunua saa kama hii na wanaitegemea.

Mwezi wa nne nilimnunulia mama saa janja katika duka moja la Kariakoo kwa shilingi 185,000. Mama ana miaka 63. Aliwahi kuugua kifua kikuu, akapona, lakini mapafu yalibaki na makovu, na daktari wake alimwagiza atembee kila asubuhi huku akiangalia oksijeni ya damu isishuke chini ya asilimia 90. Hayo yote nilimweleza muuzaji kabla sijatoa fedha. Akanionyesha boksi lenye picha ya mtu anayekimbia, mkononi amevaa saa iliyoandika 98, akasema, "Kaka, hii inapima muda wote, hata akiwa anapanda mlima." Nililipa kwa sababu ya maneno hayo.

Sisi tunakaa Kimara, na anayeijua Kimara anajua vilima vyake. Wiki ya pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama akiwa katikati ya kilima, saa ilitetemeka na kuandika 85. Alisimama, akashika ukuta wa nyumba ya watu, akanipigia simu: "Mwanangu, hii saa imeandika themanini na tano, mbona mimi sisikii kitu?" Nilikuwa nimeshafika Posta. Nilichukua bodaboda kurudi, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nitamkuta hai.

Zahanati, muuguzi alimkalisha, akamwambia alaze mkono mezani, akachagua kidole kisicho na piko, akakibana kwa oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, na kusubiri hadi namba itulie. Ikatulia kwenye 97. Akahamia kidole kingine, 97 tena. Hata hivyo, kwa kuwa tuliingia tukiitaja hiyo 85, daktari hakutaka kuturudisha hivi hivi, na kwa haki kabisa akaagiza picha ya kifua na vipimo vya damu. Hapo ikaondoka 140,000. Lakini fedha siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba mama, ambaye tulimbembeleza miezi mitatu mpaka akakubali kufanya mazoezi, aliacha kutembea kwa wiki tatu kwa woga, na alipoanza tena kifua kilikuwa kimerudi nyuma.

Nilimpelekea saa rafiki yangu ambaye ni fundi wa vifaa tiba. Kabla hata hajaishika aliniuliza swali moja: namba ilikuwa inaangukia karibu na 85 kila mara? Nikafungua kumbukumbu kwenye simu. Siku ile ilikuwa 85, juzi yake 84, kabla ya hapo 86, kisha 85 tena, zote akiwa kwenye mwendo. Akatikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo kila anayeuza kifaa hiki alipaswa kulijua.

Kifaa hiki hutuma mianga miwili ndani ya nyama, mwekundu wa takriban nanomita 660 na wa infraredi wa takriban nanomita 940, kwa sababu damu yenye oksijeni huunyonya zaidi ule wa infraredi na damu iliyopungukiwa huunyonya zaidi mwekundu. Lakini mwanga humezwa pia na ngozi, mfupa na damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, aligundua miaka ya mwanzo ya 1970 kwamba ukitazama ile sehemu tu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, unabaki na damu ya ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo, peke yake. Ni ugunduzi mkubwa, na umeokoa watu wasiohesabika kwenye vyumba vya upasuaji. Ila umesimama juu ya sharti moja, kwamba kinachopigapiga mle ndani ni ateri tu.

Sasa mtu anapotembea akipunga mkono, damu ya vena nayo inasukwasukwa huku na huku, na saa yenyewe inapanda na kushuka juu ya ngozi. Sehemu ya mwanga inayobeba mapigo ni ndogo sana, mara nyingi asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote unaorudi, kwa hiyo mtikisiko wa hatua unaimeza. Tena mtu anayetembea kwa nguvu anaweza kupiga hatua 110 kwa dakika huku moyo nao ukipiga karibu 110, na hapo kuchuja kimoja kutoka kingine kunakuwa kazi ngumu kweli kweli. Mtikisiko unapoyumbisha mianga yote miwili kwa kiwango kimoja, uwiano wake unakuwa 1, na kwenye jedwali la vifaa hivi uwiano wa 1 husomeka kama takriban asilimia 85. Kwa hiyo ile 85 iliyomsimamisha mama kilimani haikuwa hali ya damu yake hata kidogo. Ilikuwa mtikisiko wa mkono wake.

Nilijaribu mwenyewe jioni ile ile. Nilikaa kwenye kiti, saa mkono wa kushoto, oksimita kidole cha kulia kikiwa kimetulia mezani. Zote mbili zikaonyesha 97. Kisha nikaanza kuupandisha na kuushusha ule mkono wa kushoto kama mtu anayetwanga. Haikupita dakika, saa ikaandika 85. Cha kidoleni kikabaki 97.

Nilirudi dukani nikiwa na vyeti vya zahanati. Muuzaji akasema tatizo ni ngozi nyeusi ya mama. Sikilizeni, suala la ngozi ni la kweli: mwaka 2020 utafiti uliochapishwa Marekani katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba oksijeni iliyoshuka bila oksimita kuiona ilikuwepo kwenye asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi ambavyo oksimita ilionyesha 92 hadi 96, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Maana yake ni kwamba kwa ngozi kama yetu kifaa huwa kinaelekea kuipandisha namba. Anawezaje kutumia hoja hiyo hiyo kutetea namba iliyoshuka?

Na linalonikera kuliko yote ni hili. Asubuhi ile ile, saa hiyo hiyo ilikuwa imemhesabia mama hatua 2,140. Ina kihisi mwendo ndani yake. Ilijua kwamba mkono unatembea, na bado ikaandika namba na kutetemeka kama kengele ya hatari, badala ya kuacha pengo tupu na kumwambia asimame kwanza. Siku nyingine ikafanya kinyume: mama akiwa anapanda, ikabaki na 97 kubwa katikati ya kioo, na chini yake, kwa maandishi ambayo mtu wa miaka 63 hawezi kuyasoma bila miwani, kwamba kipimo hicho ni cha dakika 40 zilizopita. Kama siku hiyo oksijeni ingekuwa imeshuka kweli, angeendelea kupanda.

Kijitabu chake, ukurasa wa 31, kwa Kiingereza na Kichina tu, kinasema mkono utulie kwa sekunde 30 na kwamba kifaa si cha matibabu. Boksi lina mkimbiaji. Nani alimtafsiria mama ukurasa wa 31?

Namdai mwenye duka 185,000 yangu, na namtaka aache kuwaambia watu kwamba inapima mtu akiwa mwendoni. Akikataa, nitapeleka boksi, kijitabu na vyeti Tume ya Ushindani, na nitawaandikia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuhusu saa zinazouzwa kwa wagonjwa kama vifaa tiba. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa dukani. Aliyenunua saa ya namna hii na namba zikamwangukia kwenye 84, 85, 86 akiwa anatembea, naomba aweke hapa picha ya kumbukumbu zake kabla ya siku hiyo, akifuta jina lake.