Mama ana kisukari, akifumba macho anayumba. Shida ni macho au miguu?

Binti wa Tanga:
Habari za leo wadau. Mama yangu ana miaka 68, kisukari anacho tangu 2009, anatumia metformini, dawa ya kushusha sukari. Mchana anatembea, ila anatanua miguu na macho hayabanduki chini. Umeme ukikatika anapapasa ukuta. Akijipaka sabuni usoni bafuni na kufumba macho, anayumba. Juzi kama si mjukuu kumdaka, angeanguka. Kandambili imemchomoka uani, akafika jikoni bila kujua. Macho alipimwa, wakasema mazima. Miguu haimuumi hata kidogo, ndiyo maana anasema "mie mzima, uzee tu". Mimi sikubali kuwa ni uzee. Ni nini hiki?

Fizio:
Pole dada. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, miguu ya namna hii naiona sana. Macho yake ndiyo yanayofanya kazi ya miguu, basi akiyafumba anabaki hana kitu. Kwenye misuli na viungo kuna mishipa ya fahamu inayoupasha ubongo habari: kifundo kimekunjika kiasi gani, kidole kimeelekea wapi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huiharibu, ikianzia vidoleni, kwani mishipa mirefu ndiyo huumia mwanzo. Nyuzi zinazobeba habari hizo ni nene. Za maumivu ni nyembamba. Zile nene zinaweza kuharibika bila maumivu yoyote, kwa hiyo kutoumwa kusimpe mama matumaini.

Mjaribu hivi. Akae, afumbe macho. Shika kidole gumba cha mguu ubavuni, kushoto na kulia. Usikishike juu na chini, maana atakisia kwa mguso wako. Kisogeze kidogo tu, akwambie kimepanda au kimeshuka. Akikosea, hamia kwenye kifundo.

Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: metformini ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huondoa hisia hizo hizo. Upungufu wenyewe una tiba. Omba apimwe damu, ila dawa asiache.

Bibi Nyakati:
Mwanangu, nina miaka 71 na hali ni hiyo hiyo. Kilichokuwa kikiniangusha ni udhu wa alfajiri, kuinua mguu hadi kwenye sinki. Siku hizi natawadha nimekaa kigodani, na taa ya ukumbini haizimwi. Kandambili nimeziacha, navaa kiatu chenye mkanda nyuma. Peku asitembee hata ndani, msumari utamwingia asijue. Na kila asubuhi nashika meza ya jikoni, nasimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mwanzo nilitetemeka mno, sasa nasimama. Mwambie mama asikate tamaa.

Binti wa Tanga:
Shikamoo bibi, ahsanteni sana. Nimemjaribu jioni hii. Vidole vya miguu yote anabahatisha tu, kifundo anapatia. Alipofumbua macho akaona kidole kimepanda, naye alisema kimeshuka, alinyamaza kabisa. Kliniki ni Alhamisi, amekubali twende wote.

Fizio:
Kifundo kuwa bado kizuri ni heri, mazoezi ya bibi yatamfaa, ila awe na mtu pembeni. Mkienda, wampime presha akiwa amelala, na tena akishasimama. Kisukari huweza kuishusha ghafla mtu anapoinuka, na kwa mwanamke wa umri huo mifupa imeshapungua nguvu; anguko dogo tu linavunja nyonga.