Lenzi geuzi kwa kamera ya inchi 4 kwa 5: je, moja inaweza kutosha?

Msafiri wa Mvukuto ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Ninatumia kamera ya kukunja ya filamu ya inchi 4 kwa 5, ambayo mvukuto wake (ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na filamu) ukivutwa hadi mwisho unafika milimita 320. Picha zangu karibu zote ni za nyeusi na nyeupe: mandhari kwa wingi, na mara chache sura za watu. Kwa kuwa kila kitu nakibeba mgongoni, nimevutiwa na lenzi geuzi, yaani ile ambayo ikiwa kamili ina fokasi moja (umbali unaopimwa kwa milimita kati ya lenzi na filamu inapolenga mbali), na ukiifungua nusu ya mbele, nusu inayobaki nyuma ya shata (kifungua-mwanga) inakuwa lenzi ndefu zaidi, yaani yenye fokasi kubwa inayovuta vitu karibu. Nimeona Schneider Symmar za zamani za 150/265 na 210/370 (namba ya kwanza ni fokasi ya lenzi kamili, ya pili ni ya nusu), na pia seti za Protar, lenzi geuzi nyingine za zamani. Ninachotaka kujua ni kama ule upande mrefu ni lenzi ya kufanyia kazi kweli, au ni namba tu iliyoandikwa kwenye pete ili kumvutia mnunuzi. Kama ni lenzi ya kweli, nichukue ipi?

Fundi Vioo amejibu:

Mvukuto wako umekwisha kulijibu swali la mwisho. Nusu ya nyuma ya Symmar ikibaki peke yake, mahali ambapo fokasi yake huanza kuhesabiwa husogea nyuma kuelekea filamu, na kwa hiyo umbali kutoka ubao wa lenzi hadi filamu huwa mkubwa kuliko namba iliyochongwa. Hapo nazungumzia kitu kilicho mbali kabisa. Kitu kikikaribia, mvukuto lazima uvutwe zaidi. Kwa milimita 320, upande wa 370 wa ile lenzi ya 210 hautalenga hata mlima ulio mbali, na utakuwa umelipia namba usiyoweza kuitumia.

Upande wa 265 utaingia, ila kwa kubanwa. Tuseme baada ya kulenga mbali unabakiwa na milimita 30 za mvukuto: kwa fokasi ya 265, hutaweza kulenga kitu kilicho karibu kuliko mita 2.6 hivi. Mtu aliyeketi utampata mpaka kifuani, lakini uso peke yake kujaza filamu, hapana.

Wapo wanaohamisha nusu moja mbele ya shata ili mvukuto upungue, na kweli hupungua, kwa sababu sasa mambo yanageuka na fokasi inahesabiwa kutoka mbele ya ubao. Mimi sipendi njia hiyo. Symmar ilikusudiwa kutumiwa kwa nusu ya nyuma, na hata mizani yake ya pili ya matundu (uwazi unaopitisha mwanga), ile ya kijani, imepigwa kwa ajili ya hali hiyo.

Bi Kivuli amejibu:

Naongeza juu ya ubora, kwa maana nimeitumia 150/265 kwa miaka mingi na mwanzoni niliidharau bila haki. Picha zangu za kwanza kwa upande mrefu zilitoka laini, nami nikailaumu lenzi. Kumbe kosa lilikuwa langu. Lenzi kamili ina nusu mbili zinazosahihishana makosa. Ukiondoa moja, ile iliyobaki inabaki na makosa yake, na mojawapo ni kwamba mahali pa ukali husogea kadiri unavyobana tundu. Mimi nilikuwa nalenga kwa f/12 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), tundu likiwa wazi, kisha nabana hadi f/32 na kupiga bila kutazama tena. Sasa nalenga kwanza tundu likiwa wazi, nabana hadi f/22 au zaidi, halafu narudi chini ya kitambaa cheusi na kikuza changu kurekebisha kwa tundu lilelile nitakalopigia. Kioo cha kulengea huwa giza kiasi cha kukera, kwa sababu hata f/12 yenyewe hupitisha chini ya robo ya mwanga wa f/5.6, lakini subiri macho yazoee.

Kosa la pili ni la rangi: mwanga wa buluu na mwanga mwekundu havikutani mahali pamoja, hasa pembeni mwa picha. Kwa kuwa unapiga nyeusi na nyeupe, dawa yake ni nyepesi: kichujio cha njano iliyokolea au cha kijani kinachokata buluu. Kwa filamu ya rangi nisingekushauri upande huo hata kidogo.

Wanaodai kwamba nusu ya lenzi haiwezi kutoa picha ya maana wakumbuke kwamba Ansel Adams alipiga ile picha ya mwezi juu ya Hernandez mwaka 1941 kwa kipande kimoja cha lenzi yake ya Cooke, chenye fokasi ya inchi 23, kwa f/32, sekunde 1, akiwa na kichujio cha njano. Filamu yake ilikuwa ya inchi 8 kwa 10, nakubali, na negativu kubwa husamehe mengi.

Mpima Nuru amejibu:

Mimi sikubaliani sana na wenzangu. Nikkor-M ya milimita 300, f/9, ambayo si lenzi geuzi, ina uzito wa gramu 290 tu, ni kali bila masharti ya vichujio, na mvukuto wake hauzidi fokasi yake. Ukiiweka pamoja na 150 ya kawaida, mzigo unaongezeka kidogo sana, na hutakuwa ukifungua vioo kwenye upepo huku shata likipokea vumbi. Hesi za lenzi nazo huchakaa.

Protar ni kioo kizuri: kila nusu ni vipande vinne vilivyogandishwa, hivyo nyuso zinazogusana na hewa ni chache na picha haififii hata bila mipako ya kuzuia mng'ao. Lakini gundi ya wakati ule huachia. Imulike kwa tochi kutoka pembeni kabla hujanunua.

Msafiri wa Mvukuto amejibu:

Nawashukuru nyote. Leo nimepima tena na kugundua kwamba 320 niliyoandika ni pale mbao za kamera zinapoanza kulegea. Mahali pa kuaminika ni 310. Ile 210/370 nimeiacha kabisa. Hoja ya Mpima Nuru ina uzito, ila 300 kwenye mvukuto wangu italenga mbali tu na si sura za watu, ilhali 265 nayo inaniachia nafasi ndogo. Nitaanza na Symmar ya 150/265, kwa sababu najijua: picha nyingi nitazipiga kwa 150. Bi Kivuli, je, kichujio unakiweka mbele ya shata lililo wazi, au nyuma ya kioo?

Bi Kivuli amejibu:

Mbele, kwa kishikio cha kubana. Kinakinga na vumbi pia. Nyuma ya kioo kichujio husogeza fokasi, kwa hiyo ukikiweka huko lazima ulenge kikiwa tayari mahali pake.