Mtonesho kwenye mchakato wa masafa sifuri: mbona marundo hayaishii kuwa moja?

Swali
Wakuu, naiga mchakato wa masafa sifuri (kasi ya kuruka hutegemea tu idadi ya chembe kituoni) kwenye duara la vituo L = 1000, chembe N = 2000. Kituo chenye chembe n hurusha moja kwa kasi u(n) = 1 + b/n, b = 3, kushoto au kulia, nusu kwa nusu. Densiti ya kizingiti (wastani wa juu wa chembe kwa kituo kabla ya rundo kutokea) ni 1/(b − 2) = 1, kwa hiyo chembe zipatazo 1000 zilizozidi zinatakiwa kujikusanya kituo kimoja, ndio mtonesho. Baada ya mizunguko 100,000, kila mmoja majaribio L, bado naona marundo kadhaa. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Hesabu yako ni sahihi, ila muda hautoshi. Marundo hayahami yakakutana. Dogo humomonyoka, chembe zake zikatangatanga hadi kwa jirani kubwa. Ukirusha pande mbili, rundo hukua kwa t^(1/3), t ikiwa muda, hivyo kumaliza kunadai muda wa kiwango cha L^3, yaani 10^9. Rusha upande mmoja tu: linakua kwa t^(1/2), na muda unashuka hadi L^2, yaani 10^6. Hali thabiti (ile mfumo unayotulia mwishoni) haibadiliki hata kidogo, kwa kuwa uzito wa kila kituo ni f(n) = 1/[u(1)u(2)…u(n)] na mwelekeo haumo ndani yake. Huo ndio uzuri wa mchakato huu! Na kama unakubali mruko kwa uwezekano u(n)/(1 + b), mzunguko wako mmoja ni robo tu ya kipimo cha muda.

Jibu 2
Kabla ya kuiacha kompyuta ikeshe, hakikisha unachagua kituo, si chembe. Ukichagua chembe, kasi ya kituo inazidishwa kwa n, inakuwa n + b, na mtonesho unatoweka. Pia kwenye lugha ya C, b na n zikiwa namba kamili, b/n inatoa 0 mara n inapopita 3. Andika 3.0.

Jibu 3
Ningeacha b = 3. Ni mpakani: variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya idadi ya chembe kituoni kwenye kizingiti haina kikomo, kwa hiyo ukubwa wa rundo huyumba sana. Kwa b = 4 kizingiti ni 0.5, rundo litakuwa karibu 1500, na mtikisiko ni wa kiwango cha √L.

Kuhakiki bila uigaji, gawa f(n) kwa b/(b − 1) ili jumla iwe 1, kisha Z(2L, N) = Σ Z(L, k) Z(L, N − k), ambapo Z(L, N) ni jumla ya uzito wa njia zote za kugawa chembe N kwenye vituo L. Anza na kituo kimoja; ukirudia mara 10 tu, unafika L = 1024.