Naomba ushauri: kumpeleka mzee kwenye ngome ya Hardknott

Habari zenu wakuu, niko Manchester na mwezi ujao baba anakuja kutoka Moshi, ni mwalimu mstaafu wa historia, anataka kuona ngome ya Warumi ya Hardknott kule Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ile ya enzi za Kaisari Hadrian iliyokaa juu mlimani zaidi ya mita 200 (hao askari walitolewa Dalmatia, pwani ya Croatia ya leo, wakaletwa kwenye baridi ile, masikini). Shida barabara, ina mwinuko wa asilimia 33 na nyembamba balaa, na kagari kangu ka lita moja. Nimecheki treni ndogo ya Ravenglass, inaishia Dalegarth, halafu kama kilomita 5 za kupanda kwa mguu na mzee magoti yanamsumbua. Je nikitokea upande wa bonde la Eskdale, magharibi mwa ngome, nafika bila kupita pale pakali zaidi? Na teksi zinapatikana hapo stesheni?