Mrejesho: Nepi za kitambaa katika chama chetu cha Nyalenda

Ndugu zangu, niliwauliza jinsi ya kuwashawishi wazazi wa Nyalenda, hapa Kisumu, warejelee nepi za kitambaa, na wengi wenu mlinishauri nianzie kwenye chama cha akina mama badala ya kubandika matangazo. Ushauri huo umezaa matunda. Katika kikao chetu mama mmoja aliipasua pampasi mbele ya wenzake, akaimiminia maji, na sote tukaona chembechembe zake zikivimba na kuwa ute mzito. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini choo cha shimo hujaa upesi zikitupwa humo.

Kikwazo kikubwa kimekuwa maji, ambayo wengi hununua kwa mtungi, kwa hiyo tumekubaliana kukung'uta kinyesi chooni kwanza, kusuuza, kisha kufua kwa sabuni ya mche bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kitambaa kisifyonze vizuri. Akina baba nao, jambo lililonifurahisha mno, wameanza kufua na kuanika.

Linalonisumbua bado ni mvua za Machi hadi Mei, maana nepi ya taulo iliyoshonwa tabaka kadhaa huchelewa kukauka kuliko kitambaa chembamba cha kukunja. Mwenye uzoefu naomba anielekeze.