Runinga mpya imekufa, duka linanituma kwa kampuni. Pesa alipokea nani?

Wadau, nina hasira na siifichi.

Nilinunua runinga ya inchi 43 katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, kwa shilingi 34,000, nikalipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti. Haikumaliza mwezi. Jioni moja katikati ya taarifa ya habari kioo kikawa cheusi, sauti ikabaki. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu unaona picha zikipita kwa mbali, kwa hivyo zilizokufa ni taa za nyuma. Fundi yeyote wa mtaani atakuambia hivyo.

Nikairudisha. Yule yule aliyekuwa akiniimbia "mama karibu, hii ni orijino" sasa hataki hata kuichomeka. "Mama, sisi kazi yetu ni kuuza. Waranti ni ya kampuni, peleka Industrial Area." Nikagharamia usafiri tena. Huko, bila kuifungua mbele yangu, wakasema stima ilipanda, waranti haihusiki. Stima gani hiyo iliyoua runinga ikaacha friji na dekoda zilizo kwenye ukuta huo huo? Tena ilikuwa imechomekwa kwenye kifaa cha kukinga stima walichoniuzia watu wa duka wenyewe!

Hapa ndipo tunapochezewa kila siku. Risiti ni ya duka na pesa ziliingia kwa duka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inambana muuzaji: anayefanya biashara ya bidhaa fulani anawajibika iwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inatilia mkazo jambo hilo hilo, na sharti lolote linalojaribu kuifuta haki hiyo ni batili. Ule mstari wa chini ya risiti, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", haunitishi. Waranti ya kampuni ni nyongeza tu juu ya wajibu wa duka.

Duka linasema eti pia nilitia sahihi kwamba runinga "imejaribiwa na iko sawa". Iliwashwa dakika chache kwenye kaunta, wateja wengine wakinisukuma. Ukikagua bidhaa, sheria inakuzuia kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Taa itakayokufa wiki kadhaa baadaye ningeionaje pale?

Nimewaandikia watu wa duka barua: wanirudishie pesa au wanipe nyingine nzima, mwisho Ijumaa ijayo. Wakinyamaza naenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Malalamiko mengine nitayapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani. Maduka haya yanajua mtu wa kibarua hawezi kupoteza siku nzima akifuatilia runinga, na ndiyo maana wanatuzungusha hivi mpaka tuchoke. Mimi sichoki.

Aliyewahi kushtaki duka la vifaa vya elektroniki pale Milimani anisaidie: waliitisha ripoti ya fundi, au risiti na video zilitosha? Na wewe uliyetumwa Industrial Area kwa ugonjwa huu wa kioo cheusi, andika hapa ulivyojibiwa.